Chupa ya Watoto Kumi

Kina mama walimwita Mama Tone, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa nesi wa chanjo kwenye zahanati yetu miaka kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo sikumwona akimwaga tone la dawa. Mimi nilikuwa mpima uzito. Kazi yangu ilikuwa kumning'iniza mtoto kwenye mizani, kusoma kilo, kuandika kwenye kadi, kisha kumsogeza kwa Mama Tone achomwe sindano. Aliniita Mizani mbele za watu bila haya, nami nilimjibu kwa ukali, maana utani wa asubuhi kabla sijanywa chai siuwezi. Lakini tulikuwa kama ulimi na mate. Ndiyo sababu habari hii naisimulia mimi. Yeye akianza tu, analia; mimi angalau nagomba.

Ubahili ule hakuzaliwa nao, alifundishwa. Alilelewa na bibi aliyekuwa akipasua njiti ya kiberiti kwa wembe ili iwe njiti mbili. Thubutu umwambie unatania! Alinionyesha kwa mikono yake jinsi inavyofanywa, na ile njiti iliyopasuliwa ikawaka. Halafu mwaka wake wa kwanza kazini chanjo ziliisha miezi miwili mizima, akawa anasimama mlangoni kila asubuhi kuwarudisha wanawake waliotembea na watoto mgongoni. Alisema siku hizo ndizo zilimfunza kazi. Aliapa dawa haitaisha tena mikononi mwake kwa uzembe.

Sasa nieleze habari ya chupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, ndani ya kichupa kifupi kuliko kidole gumba. Unaingiza maji yake maalumu, unatikisa, unapata dawa ya watoto kumi. Ukishaichanganya unazo saa sita tu. Hata kama umemchoma mtoto mmoja, saa sita zikipita, inayobaki ni ya kutupwa. Kwa hiyo sisi tulikuwa na utaratibu wetu: chupa haifunguliwi mpaka benchi lijae. Wakiwepo watoto wanne, mama zao wanaambiwa, "Ngojeni kidogo, wenzenu wako njiani." Na kweli walikuwa njiani! Siku ya chanjo, ikifika saa tatu hupiti pale mlangoni kwa mikoba, mashuka na vilio. Walingoja dakika ishirini, ikizidi sana nusu saa, wakapiga domo, wakacheka, benchi likajaa.

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyosema vingine. Ilisema mfungulie chupa hata mtoto mmoja, usimrudishe. Karatasi hiyo naijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyetundika kalenda juu yake. Mkubwa wa wilaya alipokuja kila mwisho wa mwezi hakuuliza habari ya karatasi. Aliuliza dozi ngapi zimetupwa. Zahanati nyingine zilijikuna kichwa. Mama Tone alijibu, "Mbili, bwana mkubwa," na mara nyingine, "Hakuna." Aliletewa barua ya pongezi yenye muhuri. Wiki nzima alitembea kama bibi harusi, nikamwambia ashushe mabega, atagonga kizingiti.

Basi likaja gonjwa. Lipi, mnalijua. Mizani yangu ikafunikwa shuka kwa amri, tusishikeshike watoto wa watu, nami nikapelekwa getini na ndoo ya maji ya sabuni na kile kipimajoto cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso. Benchi likachorwa alama za chaki, mtu hapa, mtu kule. Sote tulivaa barakoa. Mpaka tukawa tunajuana kwa macho na miguu.

Kina mama wakaacha kuja. Redio inasema kaeni nyumbani. Jirani anasema zahanati ndiko linakookotwa hilo gonjwa. Na wale wasiokosa la kusema wakasema watoto wanajaribiwa dawa mpya. Siku ya chanjo wakawa wanakuja watatu, siku nyingine wawili. Na gari la wilaya lililokuwa linatuletea dawa lilikuwa limegeuzwa la kubebea wagonjwa. Friji ilibaki na chupa tatu za surua, tatu tu, na hakuna aliyejua nyingine zitakuja lini.

Mama Tone akazishika chupa zile tatu kama roho yake. Wakija wawili, aliwaambia kwa upole, "Rudini Alhamisi ijayo, waiteni na majirani zenu mje pamoja." Hakuwa na kiburi, msije mkamwona hivyo. Aliamini kabisa kwamba wiki ijayo watajaa. Tulikuwa tunawangojea wenzao, kumbe wenzao hawaji.

Alhamisi moja alikuja mwanamke peke yake. Alivaa futi ya fundi cherehani shingoni, nadhani aliondoka kwenye mashine akasahau kuivua. Mgongoni alikuwa na binti wa miezi tisa, ndiyo kwanza ametimiza, mnene, anapiga kelele za furaha kwa kila kitu. Nilimwelekezea mama kipimajoto, mtoto akadhani ni mchezo, akataka kukinyakua. Mama alikaa kwenye alama ya chaki ya mwisho. Ikafika saa tatu, saa nne, saa tano. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Hakuja mtu mwingine.

Ilipokaribia saa sita Mama Tone akamwendea, akamwambia lile la Alhamisi ijayo. Yule mama akauliza, si kwa ugomvi, alitaka kujua tu, "Kwani mmoja hatoshi?"

Mama Tone akasema, "Mama, hii si soda nikufungulie unywe peke yako."

Mimi nilicheka. Nataka lijulikane hilo, kwamba nilicheka, kwa sauti, pale getini. Yule mama naye akajilazimisha kucheka kwa macho, kwa adabu. Akasema anakaa mbali na cherehani ndiyo inawalisha, lakini akaitikia, "Haya, sista, nitajitahidi." Akamfunga mtoto mgongoni akaenda.

Alhamisi iliyofuata hapakuwa na chanjo. Mama Tone alikuwa amehamishiwa hospitali ya wilaya, wodi ya wagonjwa wa lile gonjwa, chumba chetu kikafungwa kwa kufuli, na hakikufunguliwa mpaka miezi minne ilipopita. Siku tuliyorudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua friji na kusoma tarehe. Chupa zote tatu zilikuwa zimepitwa na muda. Hazikuguswa, kifuniko juu ya kila moja. Alizisimamisha mezani akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Watoto thelathini, Mizani." Nikamwambia aache upuuzi, azitupe tufanye kazi.

Surua ilikuja mwaka uliofuata, gonjwa lile linapoanza kulegea na watu wanaanza kushikana mikono. Haikuja kwa kishindo. Mtoto mmoja na vipele na macho mekundu, halafu wawili wa nyumba moja, halafu wodi ya watoto kule hospitali ya wilaya ikawa inalaza wawili wawili kitanda kimoja. Hicho kikohozi sitaki kukieleza. Mama Tone alikuwa akipita wodini kila siku baada ya kazi, ingawa si wodi yake. Alikuwa anasoma kadi tu. Anainua kadi ya mtoto, anatafuta mstari wa surua, anaukuta mtupu, anairudisha. Baada ya hapo anamwangalia mama usoni, anakwenda kitanda kingine.

Nikamuuliza, "Unamtafuta nani?"

"Wangu," akasema.

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kuniogopesha. Alihesabu watu. Kwenye foleni ya maji, kwenye mazishi, kwenye duka la dawa, namwona midomo inacheza: mmoja, wawili, watatu. Akifika kumi, anapumua. Wasipofika kumi, hatulii. Mumewe, mtu mkimya mwenye heshima zake, alinifuata siku moja akaniambia, "Shemeji, mwenzio anapiga pasi anaongea peke yake. Anasema, 'Anatosha, mama, anatosha.' Nikimuuliza nani anatosha, ananiuliza nimesikia nini."

Na lile benchi. Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, tunapanga vifaa, ananiuliza, "Yule amekaa toka saa ngapi?" Nageuka, benchi tupu. Mara ya kwanza nilimfokea. Mara ya pili nilinyamaza. Mimi siogopi mizimu, mizimu na iniogope mimi, lakini mara ya tatu nilijikuta naangalia upande ule hata kabla hajauliza. Nilitaka kuhakikisha hakuna mtu. Nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba siku moja nitaangalia nimkute amekaa.

Nikamwambia, "Twende tukawatafute, la sivyo utaniua na wewe mwenyewe utakufa."

Akasema, "Tutawatafuta kwa lipi?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Rejista ya chanjo huandikwa aliyechanjwa. Aliyerudishwa haandikwi popote. Kwenye kadi yake pia, mizani ikiwa imefunikwa, hakuna aliyegusa kalamu. Kwa maandishi yote ya zahanati, wale wanawake hawakuja kabisa. Miguu yao, masaa yao pale kwenye chaki, vyote vilikuwa kwenye vichwa vyetu viwili tu, kichwa changu na chake, na changu ndiyo hivyo tena, kinasahau funguo.

Tukakata boksi la glavu, tukaandika nyuma yake. Mama wa mapacha. Msichana aliyekuja na sare ya shule. Yule wa kiatu kimoja kilichoshonwa kwa waya. Tukafika kumi na mmoja. Kila Jumamosi tuliingia mitaani tukiuliza, na watu walituona vichaa: wanawake wazima wawili wanatafuta "mama mwenye mwanya na mtoto anayecheka cheka". Miezi mitatu. Kumi tuliwapata. Wengine walikuwa wamechanjwa kwingine, wakatushangaa kwa huruma. Watatu walikuwa bado, tukawaburuta kwa vishindo mpaka wakachanjwa. Pacha mmoja aliugua akapona, jicho moja likabaki na ukungu. Mama yake alitukaribisha vizuri mno, na Mama Tone hakuweza kumeza alichopewa.

Alibaki yule wa futi shingoni. Siku hizo Mama Tone alikuwa haniambii tena kwamba anamwona kwenye benchi, lakini nilijua. Kila tulipokosea nyumba alishusha pumzi, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Alitaka kumpata na hakutaka kumpata. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: yule mtoto aliyetaka kuninyang'anya kipimajoto yuko hai au hayupo.

Tukazunguka kwa mafundi cherehani, kibanda kwa kibanda. Fundi mmoja mzee akavua miwani akasema, "Yule aliyefiwa na mtoto? Ameacha kushona siku nyingi. Anakaa kule nyuma ya bomba la maji, nyumba ya mlango wa bluu."

Nikasema asante mzee. Nilidhani Mama Tone atakaa chini pale pale, lakini alishika njia, na mimi nikamfuata nikimwambia polepole, tunajua sasa, turudi, tumeshajua. Hakunisikia.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Kizingitini alikaa mwanamke mtu mzima anachambua maharage kwenye ungo. Tukapiga hodi, tukaamkia, tukasema tunatoka zahanati. Yule bibi akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mmechelewa," akasema. "Mngekuja wakati ule mkamfundisha mkwe wangu. Mimi nilikuwa kwa mwanangu mkubwa, safari zimefungwa, siwezi kurudi. Baba mtoto naye yuko barabarani na lori lake, kazuiwa huko. Mjukuu nimemwacha kwa mtu mzima na akili zake. Kumbe anaogopa gonjwa! Kajifungia na cherehani, mtoto hakupelekwa chanjo. Mtoto kaja kuugua, siku sita, basi."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Ilionekana ameyasema mara nyingi. Ndani, kwenye giza la chumba, nilimwona yule wa futi mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Alitoka na glasi mbili za maji kwenye sinia, akapiga goti kidogo, akatukaribisha. Alikuwa amekonda. Alitutazama usoni, mimi na Mama Tone, kwa adabu tu ya mtu na wageni. Hakututambua. Angetutambua vipi? Siku ile alituona macho tu.

Nikamfinya Mama Tone mkono. Nayasema haya bila kujisifu: nilitaka tuage. Nilikuwa nimeshapanga na maneno, poleni sana, Mungu awape subira, kwaherini. Nilijiambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sisi tulijichoma, basi tuondoke nao kimya kimya, tukaumie kwetu. Hakuna karatasi duniani inayotutaja. Tungetoka pale, na hakuna ambaye angejua lolote mpaka kiama.

Mama Tone akauliza, "Kadi ya mtoto mnayo?"

Bibi ndiye aliyeinuka. Aliijua ilipo. Alirudi nayo ndani ya mfuko wa nailoni, akaketi tena na ungo wake mapajani, akaifungua mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari. Kusoma hajui, lakini pale mahali alikuwa amepajua, ameonyeshwa na mtu, naye amewaonyesha wengine.

"Ona mwenyewe, sista. Hapa ndipo. Pamekaa wazi."

Mkwe wake aligeuza uso akaangalia ukuta. Hakujitetea wala hakulia. Alisimama na sinia lake kifuani akingoja ipite, kama alivyozoea kuingoja ipite.

Mama Tone alitoa kalamu mfukoni. Akaandika kwenye ule mstari, ukamwishia, akaendelea pembeni ya kadi. Katikati akasimama, kalamu hewani. Nilijua kimemkwamisha nini. Hakuikumbuka tarehe. Miezi yote ile alikumbuka futi, alikumbuka sauti, alikumbuka alama ya chaki, lakini siku yenyewe hakuwa nayo.

"Unaandika nini tena, na mtoto hayupo?" bibi akauliza.

"Naandika kwamba aliletwa," Mama Tone akasema. "Sikumbuki tarehe."

Halafu ile sauti ikatoka ukutani, ndogo, haina haraka:

"Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na sita. Nilifika saa mbili. Niliondoka saa sita."

Akanigeukia kwanza mimi, halafu yeye, na nikaona macho yake yanashuka kutoka paji la Mama Tone, yanaishia puani, yanarudi juu. Alikuwa anatuvika barakoa. Sinia likamponyoka mkono mmoja, akaliwahi.

Mama Tone akaandika tarehe. Akaandika majina yake yote matatu na cheo chake, akatia sahihi. Bibi akasema, "Nisomee." Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyowasomea kina mama siku ya sindano inayofuata:

"Aliletwa na mama yake, tarehe kumi na sita, Alhamisi, toka saa mbili hadi saa sita. Chanjo ilikuwepo. Nesi alikataa kufungua chupa kwa sababu mtoto alikuwa mmoja."

"Nesi gani huyo?" bibi akauliza, na sauti imeanza kupanda.

"Ni mimi, mama."

"Na mimi nilikuwepo," nikasema. Sijui nilipata wapi mdomo. "Mimi nilicheka."

Nilijiandaa kupigwa. Ningeshukuru kupigwa, na nadhani Mama Tone angeshukuru zaidi. Bibi alisimama wima, maharage yakamwagika toka mapajani, yakatawanyika mpaka miguuni kwetu. Lakini hakutuangalia tena, si mimi wala nesi. Alikuwa amemgeukia mkwe wake. Alimwangalia mwanamke yule aliyeishi naye nyumba moja miaka miwili, akasema:

"Sasa mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama," akasema. "Nilikuambia mpaka nikaacha."